Kanga Waliofungiwa Jumapili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Adelina alizunguka shamba pamoja na baba yake. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Baba alitangulia na panga lake, na Adelina alifuata nyuma akikagua ardhi. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyayo. Aliujua unyayo wa baba, wenye kidole gumba kilichopinda, na unyayo mdogo wa mama. Unyayo wowote mwingine ulikuwa wa mtu asiyehusika, na Adelina ndiye aliyeuona kwanza.

"Macho ya mwanangu huyu ni mazuri kuliko yangu," baba alipenda kusema, na Adelina alienda shule siku hiyo akitembea kama amevikwa taji.

Huo ulikuwa mwaka 1953, na Tegeta ilikuwa pori bado. Bwana Albano, baba yake Adelina, alikuwa ametoka Masasi akiwa kijana. Alifyeka mahali pale kwa mikono yake, akapanda mananasi, mihogo, migomba na minazi. Jirani wa karibu alikuwa Mzee Mwishehe, aliyeishi na mkewe, Bibi Hija, ng'ambo ya kijito. Kutoka nyumba moja huwezi kuiona nyingine, na ukiita lazima upaze sauti sana ndipo usikike.

Wezi waliujua upweke huo. Walijua pia kwamba kila Jumapili familia ya Bwana Albano hutoka asubuhi mapema kwenda kanisani na kurudi adhuhuri. Jumapili moja walikata mananasi yote yaliyoiva. Jumapili nyingine walichukua majogoo wawili na jembe jipya. Jumbe, mkuu wa eneo, alipopelekewa habari, alisema atatuma mtu, na mtu huyo hakufika.

Mwezi wa Juni alikuja Filomena. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Adelina, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, mwaka mmoja zaidi ya Adelina. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake alikuwa ameajiriwa mbali, katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Kwa hiyo alilelewa na bibi yao Masasi, na sasa alikuja kukaa Tegeta ili asome. Adelina alimpokea kwa furaha. Alimgawia nusu ya kitanda chake na kumwonyesha kisima.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi wezi waliiba tena, na Bwana Albano alighadhibika. "Sasa basi," alisema. "Nitachimba shimo njiani, nichomeke vijiti vilivyochongwa chini yake. Atakayekuja ataingia mwenyewe."

"Samahani, baba mkubwa," Filomena alisema kwa sauti ndogo. "Kule kwetu kuna mtu alichimba shimo la namna hiyo. Akaingia mwanawe mwenyewe akikimbiza mbuzi. Mpaka leo anachechemea."

Bwana Albano alimgeukia, akauliza, "Na bibi yenu, yeye anafanyaje? Naye anakaa peke yake."

Filomena alieleza. Bibi alipanda minyaa kuzunguka shamba lote, na kabla haijakua alijaza matawi ya miiba katikati. Alifyeka vichaka vya karibu ili mtu asipate pa kujificha. Tena alifuga kanga, wale ndege weusi wenye madoadoa meupe. Kanga akimwona mgeni hupiga kelele mpaka mwenye shamba atoke. "Na majirani wanasikilizana," alimalizia. "Kanga wa bibi wakilia, jirani anakuja. Mbwa wa jirani akibweka, bibi anakwenda."

"Mtoto huyu ana akili ya mtu mzima!" Bwana Albano alisema, akampiga Filomena begani.

Adelina alitazama mkono wa baba yake juu ya bega lile. Kitu kilimchoma kifuani.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za kazi. Walipanda minyaa, wakiangalia utomvu wake usiwaingie machoni. Walikokota miiba mpaka mikono ikatoka damu. Adelina alikokota sawa na mwenzake, lakini midomoni mwa baba lilikuwepo jina moja tu. Filomena, njoo uone hapa panatosha. Filomena, upande wa kijitoni tufanyeje? Bibi Hija aliwapa kanga wanne, na Mzee Mwishehe akakubali kusikiliza kila Jumapili, nao akina Albano wasikilize siku ya Ijumaa yeye na mkewe wakienda msikitini. Kazi ya kuwafungulia kanga asubuhi alipewa Filomena.

Halafu kukapambazuka asubuhi moja ambayo Adelina alichelewa kufunga kamba ya sketi yake. Alipotoka nje, aliwaona wawili wale wamekwisha kuanza kuzunguka shamba, baba mbele, Filomena nyuma, macho chini. Hakuna aliyegeuka kumwita.

"Mie ndiye mtoto wa hapa," aliwaza. "Yeye ni mgeni tu." Tangu siku hiyo, kila neno la Filomena lilimkera. Filomena akicheka, Adelina alinuna. Filomena akimwomba kitana, alimjibu kwamba kimepotea, nacho kilikuwa chini ya mto.

Jumapili tatu zilipita bila wizi. Kanisani baba aliwasimulia watu akili za mtoto wa mdogo wake. Jumapili ya nne, wote walipokuwa wamefika njiani, Adelina alisimama ghafla.

"Mama, nimesahau kitambaa changu cha kichwani. Tangulieni, nitawakuta."

Alirudi mbio. Kanga walikuwa wakidonoa uani. Aliwamwagia mtama bandani, wakaingia wote wanne, akafunga mlango na kukaza kamba. Kisha akaenda upande wa kijitoni na kuvuta matawi matatu ya miiba, pakawa na nafasi ya mtu kupita. Alijiambia, "Wakichukua mananasi machache, baba ataona kwamba akili za Filomena si kitu." Akachukua kitambaa, akakimbia kuwafuata wenzake.

Waliporudi adhuhuri, Bibi Hija alikuwa uani kwao akilia.

Wezi walikuwa wameingia. Hawakuchukua mananasi machache. Walichukua mikungu ya ndizi, masufuria, blanketi na mbuzi jike mwenye mimba. Walipofungua banda waliwatia kanga wawili guniani, na wengine wawili wakaponyoka, wakaruka juu ya paa. Hapo ndipo kelele zilipomtoa Mzee Mwishehe nyumbani. Alivuka kijito akikimbia, akakutana na wezi kwenye lile pengo. Mmoja alimsukuma, mzee akaanguka juu ya mawe na kuvunjika mkono.

"Kanga walikuwa wamefungiwa," Bibi Hija alisema. "Kamba ya mlango imekatwa kwa kisu."

Bwana Albano alimgeukia Filomena. "Hukuwafungulia?"

"Niliwafungulia, baba mkubwa. Naapa."

"Na kamba ilijifunga yenyewe? Mzee wa watu amevunjika mkono kwa uzembe wako, na bado unanidanganya?"

Filomena alikimbilia ndani. Adelina alisimama pembeni.

Jioni ile baba alitangaza kwamba Filomena atarudishwa Masasi mwisho wa mwezi. Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni na kuita, "Adelina! Twende tukazunguke shamba." Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyatamani kwa wiki nyingi. Alimfuata baba, lakini hakuona nyayo wala majani. Hakupata hata chembe ya furaha.

Siku ya tatu mama alimtuma apeleke uji kwa Mzee Mwishehe. Mzee alikuwa amelala kitandani, mkono umefungwa kwa vibanzi vya mti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa." Alipokea bakuli kwa mkono mmoja, likatikisika, uji ukamwagika kifuani. Adelina alichukua kijiko akaanza kumlisha.

"Mwambie baba yako asimfukuze yule mtoto," mzee alisema baada ya vijiko viwili. "Kosa ni langu. Nilisikia kanga wakilia kwa mbali, sauti imezibwazibwa, nikadhani wanagombana. Ningekwenda mapema, yasingetokea haya."

"Na mimi," Bibi Hija alidakia kutoka mlangoni, "ndiye niliyemwambia akae kwanza amalize chai."

Adelina aliweka kijiko chini. Filomena alikuwa akilia kila siku akijiuliza kama kweli alisahau. Mzee aliyevunjika mkono alikuwa akijilaumu. Bibi Hija naye alijilaumu. Mtu pekee asiyelaumiwa na yeyote alikuwa yeye.

"Babu, ni mimi," alisema, na machozi yakambubujika. "Mie ndiye niliyewafungia kanga. Na miiba niliitoa mimi."

Mzee Mwishehe alisogeza bakuli pembeni. Hakumfokea. "Mimi umekwisha kuniambia," alisema. "Sasa nenda kawaambie wenzako. Nenda sasa hivi, kabla moyo haujageuka."

Adelina alikimbia mpaka nyumbani. Aliwakuta baba, mama na Filomena wakimenya mihogo. Alisema yote akiwa amesimama, bila kuficha hata mtama ule. Baba alisimama, akakaa tena.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu ulimpenda yeye, ukaniacha mimi."

Bwana Albano aliinamisha kichwa. "Sikukuacha, mwanangu. Lakini ni kweli, nilikunyang'anya kazi yako bila hata neno moja. Hapo nilikosea, na nimemkosea Filomena zaidi, nilipomhukumu bila kuuliza vizuri." Akamgeukia Filomena. "Mwanangu, nisamehe. Huendi popote."

Filomena alilia. Adelina alimpigia magoti, na Filomena hakumwinua haraka. "Nilidhani nimeanza kuwa na wazimu," alisema. "Nilikuwa nakumbuka nimewafungulia, na kila mtu anasema sikufungua." Siku mbili nzima hakusema na Adelina. Siku ya tatu alimwita waende wakakate miiba.

Adhabu ya Adelina ilikuwa kumtumikia Mzee Mwishehe mpaka mkono upone. Kila jioni alichota maji, akapasua kuni na kupalilia mihogo yake. Pengo lilizibwa, na safari hii walipanda mkonge mbele ya minyaa. Jumapili ya kwanza ya Septemba wezi walirudi. Kanga wawili waliobaki walipiga kelele, Bibi Hija akagonga debe, na watu kutoka mashamba ya mbali wakaja na marungu. Mwizi mmoja alinaswa kwenye miiba akapelekwa kwa jumbe, naye akawataja wenzake. Mbuzi alipatikana Mabibo, na mtoto wake pembeni.

Siku mbuzi aliporudi, mama aliwaita wasichana wote wawili.

"Adelina, miiba yetu ilikuwa mizuri, na kanga walikuwa macho," alisema. "Mwizi hakuvunja kitu. Alikuta pamefunguliwa, na aliyefungua ni wivu wako. Ukiona mwenzako anasifiwa na moyo ukaanza kuchoma, usikae na moto huo peke yako. Njoo useme. Ungeniambia mimi siku ile ile, Mzee Mwishehe angekuwa na mikono miwili mizima."

"Nimesikia, mama," Adelina alijibu.

"Haya. Jirani yetu anasubiri maji."

Adelina alijitwika ndoo. Filomena aliichukua ya pili bila kuambiwa, wakashuka pamoja kijitoni.