Glasi Namba Saba

Walikutana kwenye lifti ya hoteli, siku ya maonyesho ya vinywaji, watu wamebanana kama njiti kibiritini. Mwanamume mmoja mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi likanyooka, alikuwa amejimwagia manukato nusu chupa. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni jeusi, nywele kazifunga nyuma. Akageuka.

"Kaka, unakwenda ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita. Naleta wiski yangu ionjwe."

"Basi kanawe kwanza. Ukiingia hivyo, majaji wote tutaonja manukato yako."

Lifti nzima ikacheka. Bwana akashuka ghorofa ya pili, akajisugua shingo kwa maji matupu, akapanda tena kola ikimchuruzika. Mwanamke alipomwona mlangoni, alicheka mpaka akashika meza. Penzi lao lilianzia hapo.

Mwanamke, wenzake kazini walimwita Bi Pua, maana kazi yake ilikuwa kunusa na kuonja. Mwanamume alijulikana kama Fundi. Alikuwa na kiwanda kidogo cha wiski ya kimea, ile nyepesi, isiyopiga kelele mdomoni. Miaka miwili simu zao hazikupoa.

"Unanusa nini sasa hivi?"

"Uongo wako, mpenzi."

Kisha mama yake Bi Pua akafariki. Mazishini Bi Pua hakulia. Alikingoja kilio kama mtu anayengoja maji ya bomba, hakikuja. Miezi minne ikapita, anaamka, anaoga, anakwenda kazini, anaonja, anatema, anaandika. Pua ilikuwa nzima. Aliyekufa ganzi alikuwa mwenyewe.

"Umekula, mpenzi?" Fundi aliuliza jioni moja kwenye simu.

"Nimekula."

"Nini?"

"Sikumbuki."

"Bado unanipenda?"

"Nadhani."

"Mtu anapendwa kwa kudhani?"

"Sijui niseme nini, Fundi. Sihisi kitu."

"Afadhali ungenitukana," akasema, akakata. Wiki tatu hakupiga tena. Aliamini amechokwa, na Bi Pua alimwacha aamini hivyo, kwa sababu kueleza kulimchosha.

Asubuhi ya mashindano makubwa ya mwaka, mdogo wake alimpigia.

"Dada, shemeji kaingiza wiski yake kwenye mashindano yenu. Kanikataza nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Anataka uionje bila kujua ni yake. Eti siku hizi ulimi wako ndio pekee unaosema ukweli."

Kanuni ilikuwa wazi: jaji mwenye mtu wake mashindanoni hukaa kando. Lakini kukaa kando kungetaka maelezo. Bi Pua akaingia.

Glasi kumi na mbili zilipangwa juu ya kitambaa cheupe, kila moja na namba yake na kifuniko chake. Pembeni kulikuwa na jagi la maji na ndoo ya kutemea. Wiski nyepesi ni ngumu kuhukumu. Ukizidisha tone moja la maji, imekwisha. Namba nne ilimjia na peasi lililoiva na chumvi kidogo mwishoni. Akaandika tisini na tatu.

Namba saba ilikuwa na tufaha bichi, majani yaliyokatwa asubuhi, asali nyembamba. Huyu ni Fundi, alijiambia. Akangoja moyo urukeruke. Haukuruka. Ilistahili themanini na nane. Akaandika sitini na mbili, watu wasije wakasema kambeba mtu wake. Mwandiko ulitoka umenyooka.

Mchana matokeo yakasomwa. Namba nne ilishinda, na mwenyewe alikuwa Fundi.

Alikuja mbio, suti ya rangi ya majivu, medali kifuani.

"Mpenzi! Nimeiona karatasi yako. Tisini na tatu, na hukujua ni mimi! Kumbe ulimi bado unanikumbuka. Nikuoe. Wewe taja siku tu."

Nyuma yake, karibu na mlango, mama mmoja mwenye miwani alikuwa akipanga chupa zake kwenye katoni. Kibandiko cha namba saba kilikuwa bado mkononi mwake. Bi Pua angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa bingwa.

"Nilijua umeingia," akasema. "Nilidhani saba ni yako. Nikaishusha makusudi."

Fundi alimkazia macho. "Ulidhani ni mimi, ukanizamisha?"

"Ndiyo."

"Na mkono haukutetemeka?"

"Haukutetemeka."

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

"Naenda kumwambia mwenyekiti. Wakifuta alama zangu, utakosa medali."

"Mwambie kesho. Niachie leo tu, tafadhali."

"Yule mama wa namba saba anaondoka leo, Fundi."

Akaenda. Mwenyekiti alifuta alama zake zote, akamwomba arudishe beji ya ujaji. Zikajumlishwa upya: saba ikawa ya kwanza, nne ya tatu.

Bi Pua alimkuta Fundi kwenye ngazi za nje, tai kailegeza, medali ya mshindi keshairudisha.

"Medali si neno," Fundi alisema bila kumtazama. "Linaloniuma ni ile sitini na mbili. Hata ungemwandikia mbwa wa jirani, ungesita kidogo."

Bi Pua akafungua kinywa aseme hajui aseme nini. Maumivu yalimpanda taratibu, kama mguu uliokufa ganzi damu inapoanza kuurudia, akashika ukuta.

"Nini? Inakuuma?"

"Inauma, Fundi." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Mama amekufa."

Alisema kana kwamba habari imemfikia saa ile ile.

"Najua," Fundi akasema polepole. Akasogea, akamwachia nafasi kwenye ngazi. "Mimi bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Haya, kaa. Lia."

Akakaa, akalia.