Karafuu Kizuizini Rongo

Jumanne, tarehe 4 Juni 1996, Dakta Nicanor hakufungua maabara yake Homa Bay.

Saa nne asubuhi redio ya Motorola ilikoroma ndani ya Land Rover ya Rael, mpelelezi wa serikali.

"Samaki hayupo," alisema mkuu wake, Mubarak. Samaki lilikuwa jina la siri la Nicanor. "Na madumu mawili ya sumu yamevuka mpaka Isebania. Yanakuja kwenye matangi ya maji ya Homa Bay. Leo."

Phelesia, msaidizi wa Nicanor, alimweleza Rael yote wakiwa wamesimama maabarani. Kwa miaka kumi na tisa daktari alikuwa akivika matone ya dawa ngozi nyembamba, yawe vifuko vidogo kuliko punje ya unga. Wageni fulani walimtaka aivike sumu hivyo hivyo, ipite vipimo vya maji, ipasukie tumboni mwa watu. Alikataa. Wakaiba daftari lake, wakaivika wenyewe. Yeye peke yake ndiye angeitambua majini.

Sakafuni kulikuwa na kopo tupu na unga mweupe.

"Vifuko vya mafuta ya karafuu," Phelesia alisema. "Walimteka usiku, wakaelekea mpakani. Amewamwagia. Kuna gundi yake humo, inavishikiza ngozini hata ukinawa. Havinukii mpaka visuguliwe."

Rael aliweka kizuizi Rongo, kwenye barabara itokayo mpakani.

Saa tatu zilipita. Malori ya miwa. Magunia ya mahindi. Hakuna kitu.

Kisha ikaja pikapu ya Peugeot 504 kutoka Migori, jeneza nyuma, wanaume watatu. Kibali cha mazishi kilikuwa sawa. Polisi akaanza kuondoa kizuizi, maana huku hakuna anayefungua jeneza la watu.

Walilitegemea hilo.

Lakini huku pia hakuna anayekataa mkono wa pole.

"Poleni sana," Rael alisema, akawashika mkono mmoja mmoja, akisugua kwa kiganja. "Mnazika nani?"

"Mzee wetu."

Wa kwanza alinuka jasho. Wa pili, petroli. Wa tatu, karafuu.

"Mzee wenu alikuwa mpishi wa pilau?"

Bastola yake ya Beretta ilikuwa tayari mkononi. Mmoja alikimbilia kwenye miwa. Hakufika.

Jeneza likafunguliwa. Chini, madumu mawili. Juu ya madumu, mwili wa Nicanor, umevalishwa suti isiyo yake.

"Madumu ninayo," Rael alisema redioni.

"Na samaki?"

Rael alishika kifuniko cha jeneza.

"Ninaye. Phelesia nitamwambia mwenyewe."

Akafunga jeneza polepole, akarudisha bastola, akaenda kwenye gari bila kugeuka.

Siku hizi maabara hufunguliwa saa mbili. Ufunguo anao Phelesia.