Mbali Mara Mbili

Asubuhi ile, kule Izimbya, Verdiana hakupika chai. Alichuchumaa mlangoni mwa banda akitoa vifaranga waliokufa. Walikuwa arobaini na mmoja. Kumi na tisa waliobaki walilundikana wakitetemeka. Kahawa ilikuwa imenyauka mwaka huo, na vifaranga ndio walikuwa tegemeo lake pekee.

Binti yake Kemilembe, wa kidato cha sita, alikuwa nyumbani kwa likizo. Alisimama nyuma ya mama yake akilia.

Kosa lilianza na baridi ya mvua. Verdiana alitandika majani makavu bandani, kama desturi yetu ya kutandika sebuleni wageni wakija. Kisha akaogopa kwamba balbu ya joto itayawasha. Akaipandisha kutoka futi moja na nusu hadi futi tatu.

Kemilembe alimwambia, "Mbali mara mbili, weka balbu mbili. Joto litakuwa lile lile."

Mama aliamini, akatundika balbu ya pili kando ya ile ya kwanza. Nani angembishia mtoto wa kidato cha sita?

Sasa alisema, "Shule yako imeua vifaranga wangu. Urudi huko kufanya nini?"

Hata Kemilembe mwenyewe hakutaka kurudi tena.

Jirani yao, Mwalimu Kahigi, aliyefundisha fizikia miaka mingi, alikuja kutoa pole.

"Pole sana, Ma Verdiana."

"Waitu, ndugu yangu, tumekwisha."

Waliposimulia habari ya balbu, Kahigi aliomba kipande cha boksi. Alikata tundu la mraba katikati. Ndani ya nyumba, alimulika tochi ya simu kupitia tundu lile hadi ukutani. Ukuta ulikuwa mbali na tochi mara mbili ya umbali wa boksi.

"Pima mwanga wa ukutani," alisema.

Kemilembe alipima. Upana ulikuwa mara mbili ya tundu, na urefu mara mbili.

"Matundu manne yanaenea hapo," alisema polepole.

"Mwanga ni ule ule, ila umesambaa mara nne. Kila sehemu imepata robo. Joto la balbu nalo ni hivyo."

"Basi balbu mbili zilitoa robo mbili. Nusu tu!"

"Zilitakiwa nne."

Kemilembe alichukua daftari lake la likizo. Swali lilisema: nyota inatoa mwanga mara mbili ya Jua. Sayari yake iko mbali nayo mara mbili ya umbali wa Dunia na Jua. Inapokea mwanga kiasi gani?

"Niliandika sawa na Dunia," alisema.

"Zidisha umbali kwa umbali. Mbili mara mbili, nne. Sasa gawa nguvu ya nyota kwa nne."

"Nusu ya Dunia." Alitazama bandani, akalia upya. "Kosa ni lile lile, Mwalimu."

"Kwenye sayari hiyo kuna wanaoishi?" Verdiana aliuliza.

"Hatujui, Ma."

Siku hiyo hiyo waliondoa majani, wakatandaza mchanga mkavu. Walifunika balbu moja kwa wavu, wakaifunga kwa mnyororo, futi moja na nusu kutoka chini. Vifaranga wawili walikufa hata hivyo. Kumi na saba walipona na kukua.

Siku ya kurudi shule, Verdiana alifungua begi la binti yake, akaweka ndani kile kipande cha boksi chenye tundu.

"Nenda nacho," alisema. "Kimetugharimu arobaini na watatu."