Sekunde Ishirini Alizokata Jenalyn

Kila asubuhi kabla ya kengele, Jenalyn aliwasha televisheni ya darasa la nne na kuwawekea watoto somo la siku. Alikuwa darasa la sita, hodari wa kuhariri video kwa simu, na Mwalimu Rodel alimwachia kazi hiyo yote.

Wiki ile somo lilikuwa ufumaji wa nyuzi za mgomba, kazi ya watu wa Ziwa Sebu, Ufilipino, ambao tangu zamani hupata nakshi zao ndotoni. Jenalyn akapata mtandaoni video ya Dada Analiza wa kijiji cha pili. Akaiona ndefu. Alikata sekunde ishirini za mwisho bila hata kuzisikiliza, akaandika "Imetayarishwa na Jenalyn", akaiweka kwenye ukurasa wa shule. Alipenda sifa za bure, hilo tusilifiche.

Ijumaa Analiza alifika shuleni kwa pikipiki.

"Mwalimu, mlimwomba nani mkaichukua video yangu?"

Jenalyn akaitwa. "Ilikuwa mtandaoni," alisema. "Si kila mtu anaiona?"

"Bibi yako akitaka kufuma nakshi aliyoiota mwenzake, anafanyaje?" Analiza alimuuliza.

"Anakwenda kwake kuomba."

"Kumbe unajua! Nakshi ile aliiota mama, naye tulimzika mwezi wa tatu. Hapo ulipokata ndipo nilipomtaja."

Jenalyn hakulia. Alikufa ganzi. Alimsikia Mwalimu akiomba radhi, akaona video ikifutwa, na yote yakampita tu. Siku mbili alikula wali na samaki asijue ladha yake.

Jumatatu watoto wa darasa la nne walikaa wakitazama kioo cheusi.

"Dada Jenalyn, imeharibika?"

Jioni Jenalyn alikwenda kwa Analiza.

"Nimekosa, Dada. Naomba ruhusa."

"Ya kufundishia nisingekunyima. Ionyesheni nzima. Ila watoto uwaambie mwenyewe ulichofanya."

Kesho yake aliwaambia, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Video ikaenda hadi mwisho. "Nakshi hii aliiota mama yangu, Teresita," alisema Analiza kwenye kioo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka Jenalyn, mbele ya darasa zima.

Mwalimu Rodel alizima televisheni. "Nami nina kosa. Nilimpa kazi bila kumfundisha hili," alisema. "Wanangu, kitu kuwa mtandaoni si ruhusa ya kukichukua. Kina mwenyewe. Mwombeni kwanza, na jina lake msilifute."