Jua Kali, Taa Nyekundu

Mshonaji alikuwa akikunja pindo la sare ya shule. Ghafla cherehani yake ya umeme ikakimbia kama imefukuzwa. Balbu ikapasuka, pa! Ukutani kulikuwa na inveta, boksi linalogeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani. Taa yake ikawa nyekundu.

Ilikuwa saa sita mchana.

"Baba watoto, imezima tena! Na shule zinafunguliwa Jumatatu!"

Mumewe akapanda paani, akafuta paneli za jua mpaka zikang'aa. Wapi!

"Asubuhi jua dogo, inawaka. Mchana jua kali, inazima. Mambo gani haya?"

"Yameanza kinyozi wa jirani alipofunga paneli zake," mke akasema. "Anatuvutia umeme wetu."

Akatoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimkuta kinyozi juu ya paa, kitambaa mkononi.

"Shemeji, hata zangu zimezima," kinyozi akasema. "Nilidhani ni ninyi mnaonivutia umeme wangu."

Wakatazamana. Wakamwita fundi wa shirika la umeme.

Fundi yule, mama mwenye ngazi yake begani, akapima. "Volti zimezidi. Inveta inajizima isiwaunguzie vyombo."

"Kwani jua limezidi?" mshonaji akauliza.

"Jua halina kosa. Transfoma iko mbali, na waya ni mwembamba. Mchana watumiaji ni wachache, lakini nyumba tano zenye paneli mnasukuma umeme wa ziada kwenye waya huo. Ni kama watu watano kusukuma maji kwenye mpira mmoja. Hebu hesabu nyaya za nguzo."

"Nne."

"Mmoja ni wa kurudishia. Tatu ni za kupeleka. Ninyi nyote mko kwenye mmoja tu."

"Nani alipanga hivyo?"

"Hakuna aliyepanga, dada. Ndiyo shida yenyewe."

Kesho yake fundi akahamishia nyumba nne kwenye nyaya zile nyingine, mbili kila waya. Jirani mwenye mashine ya kusaga nafaka, aliyezoea kusaga jioni, akakubali kusaga mchana, umeme unapokuwa mwingi. Saa sita ikafika, ikapita. Taa ikabaki kijani. Sare zikaisha Jumamosi.

Wiki iliyofuata akaja kwa mshonaji jirani mfuga kuku. "Mama, nataka paneli. Nifunge leo?"

"Usifunge kwanza. Muulize fundi ni waya upi una nafasi."

"Waya nao hujaa?"

Mshonaji akacheka. "Kaa hapa nikueleze. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kumpiga kinyozi."