Abiria wa Mtwara

"Sitoki humu, shangazi. Nimeshasema."

"Na mimi nimeshasema, Jumamosi unahamia kwangu Himo! Binti mzima unalala peke yako kwenye nyumba ya vyumba vinne, unaongea na kompyuta. Masama nzima inacheka. Juzi mama mmoja kaniuliza sokoni, eti yule mtoto wa Sifael bado anarusha ndege?"

"Mwambie bado. Tena mwambie siku hizi naziangusha."

Shangazi Eliaichi hakutaka kucheka, lakini midomo ilimcheza. Akakaza kitenge kiunoni. "Ng'ombe nitamtafutia mtu. Nyumba tutafunga."

"Mkifunga, baba akija ataingilia wapi?"

Sauti ya shangazi ikashuka. "Aikaeli. Kaka yangu yuko Mtwara, chini ya udongo. Haji."

"Haji kwa sababu hamkumleta."

Shangazi alichukua mkoba wake, akateremka kati ya migomba bila kuaga, na ukungu wa Julai ukamfunika kabla hajafika kwenye mfereji.

Maneno yale yalikuwa makali, lakini yalikuwa kweli. Sifael alikuwa fundi wa ndege. Kazi ilimpeleka Mtwara, na huko ndiko alikofia, katikati ya masika, barabara zikiwa zimekatwa na mvua. Wenzake wakamzika kwenye makaburi ya mji, pamoja na watu asiowajua. Ukoo ulisema utamfuata kiangazi ili alale kwenye kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, kama baba zake. Kiangazi kilikuja, kikapita. Lilirudi begi la nguo tu. Mama yake Aikaeli alikuwa ametangulia siku nyingi, kwa hiyo binti aliacha shule kidato cha pili, maana lazima abaki mtu wa kukata majani ya ng'ombe na kuwasha moto.

Kilichobaki cha baba kilikuwa chumba cha nyuma. Humo Sifael alifunga kiti cha basi bovu, usukani wa ndege, pedali za mbao na skrini pana, akaweka mchezo wa kurusha ndege ambao dunia yote imo ndani yake, hata mlima, hata vibanda vya njia panda ya Himo. Kila alasiri Aikaeli aliondoa ndege kubwa ya abiria Mtwara na kuileta uwanja wa Kilimanjaro. Hakupakia mtu. Lakini nyumba isiyo na sauti humfundisha mtu kusema peke yake, na kabla ya kuruka alitangaza kama marubani wa kweli: "Abiria wote mnaokwenda nyumbani, karibuni. Fungeni mikanda."

Tatizo lilianza bila kishindo. Siku moja ndege ilipita Himo vizuri, mlima uko kulia, halafu pua ikageuka taratibu kuelekea mlimani na kuinama. Aikaeli alivuta usukani kwa mikono miwili. Ndege ikashuka tu, ikaanguka kwenye migomba.

Kesho yake ikaanguka tena, palepale.

Alifanya kama baba alivyomfundisha: usibahatishe, ondoa sababu moja moja. Akabadilisha waya wa usukani. Akazima upepo na mawingu, akajaza mafuta, akafuta ramani ya mlima na kuiweka upya, akijua kuwa wakati mwingine ramani mbovu huweka kilima mahali pasipo na kilima. Akabadilisha hata ndege. Zote zilipita Himo, zote ziligeuka, zote zikaanguka. Alipoisogeza picha aangalie mahali pa ajali, aliona paa la bati la bluu lenye kiraka. Hakuna ramani iliyowahi kuchora nyumba yao.

Ndipo akafungua ukurasa wa vifaa. Mezani palikuwa na usukani mmoja. Kompyuta ilionyesha miwili. Wa pili ulikuwa wa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na mstari wake kwenye skrini ulikuwa ukitikisika kidogo, kama mkono wa mtu aliyeushika akisubiri. Akaufuta. Ukarudi. Akachomoa nyaya zote za usukani, na mstari ukaendelea kutikisika, na ndani ya chumba kile cha baridi ikaingia harufu ya udongo wa joto, wenye chumvi na majani ya mkorosho. Aliijua. Begi la baba lilirudi na harufu hiyo.

"Baba?" alinong'ona.

Mstari ukatulia.

Alilia, kisha akaelewa, au alidhani ameelewa. Baba alikuwa akipanda kila siku, akiona kwao kwa juu, akishika usukani ili ateremke nyumbani. Hakujua njia kwa sababu hakuna aliyemwambia. Katika ukoo wao, anayeletwa kuzikwa husemeshwa njiani. Bibi alipoletwa kutoka Dar, mzee wa ukoo, Eliakim, alikaa pembeni ya jeneza na kumtajia kila mahali walipopita. Aikaeli alikuwa mdogo, amepakatwa kiti cha nyuma. Alichokumbuka ni yale majina ya mahali.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuhamishwa, ukungu ulishuka mpaka dirishani na mchana ukawa kama jioni. Aikaeli aliketi kwenye kiti cha basi. "Abiria wote mnaokwenda nyumbani," alisema, "leo nitawaambia njia."

Ndege ilikimbia uwanja wote wa Mtwara kabla ya kuinuka, ikilalamika. Akaanza kutaja: hapa tunauvuka Rufiji, hapa Morogoro, hapa Handeni, hapa Same, na kila alipotaja mahali harufu ya udongo iliongezeka, na kiti kikaanza kupata joto mgongoni kama kuna mtu amekiegemea kwa nyuma, na hakugeuka, akasema hapa Himo, hapa Moshi, na usukani haukumpinga hata kidogo, ukawa mwepesi kama unasukumwa na mikono mingine inayoijua kazi, akasema hapa Bomang'ombe, ukipanda barabara hii ni Masama, nyumba yenye bati la bluu, mlango hufungwa kwa komeo la mti, na magurudumu yakagusa uwanja kwa ulaini ambao hajawahi kuupata tangu azaliwe.

Akapiga simu kwa furaha. "Shangazi! Nimemleta baba. Nimemsemesha njia yote, na ndege haikuanguka."

Upande wa pili kelele za sokoni zilisikika, kisha zikafifia, kama shangazi amejificha mahali. "Umemsemeshaje?" aliuliza polepole.

"Kama mzee Eliakim. Himo, Moshi, mpaka mlangoni."

"Na jina? Aikaeli, mzee Eliakim hutaja jina kwanza. Kila mahali, jina kwanza, ili asije mwingine. Ulisema Sifael?"

Nyuma ya kiti, mkanda ulifunguka. *Tak.* Kisha mwingine. Kisha mingi, mfululizo, kama mvua inayoanza kwenye bati.

"Nilisema abiria wote," Aikaeli alisema.

"Ee Ruwa, Mungu wangu. Usifungue mlango. Unanisikia, mwanangu? Nakuja na mzee, usifungue, hata ukiitwa kwa sauti ya baba yako—"

Simu ikakatika. Nje, ng'ombe aliacha kutafuna. Hatua zikapanda barazani, nyingi, za watu wasio na viatu, zikisukumana taratibu kama watu waliofika ugenini. Aikaeli alisimama sebuleni, mkono kwenye komeo. Aliogopa, lakini kuliko kuogopa alitamani, maana huenda katikati yao yupo mmoja.

"Baba?" aliuliza. "Baba, ni wewe?"

Kisha mwanamke asiyemjua, mwenye sauti ya pwani, alisema kwa upole kupitia ufa wa mlango:

"Fungua, mwanangu, huku kwenu kuna baridi. Baba yako tumemwacha, ndege ilijaa."