Ndege wa Lovina

Ushanga mmoja ulidondoka kwenye kopo la shanga, tii, na hapakuwa na mkono ulioudondosha.

Hulda aliusikia asubuhi akikoroga supu ya mahindi. Kitini pa binti yake Lovina, aliyezikwa majuzi, palikuwa na kimto cha mahameli cha kuchomekea sindano. Mtoto alikufa hajakimaliza: ndege wa shanga, bawa moja. Sasa ndege alikuwa nayo mawili.

Mwenye akili angetoka mbio. Hulda, mjinga yule, akatabasamu, akakisogeza kiti karibu na moto.

Sisi Watuskarora, wenyeji wa asili wa Amerika, siku ya kumi tunamwandalia marehemu chakula, tunagawa vitu vyake, naye anakwenda zake. Siku hiyo ilipofika, Hulda aligawa vyote, ila kimto akakificha kifuani.

Shanga zikawa zinalia kila siku, nyumba ikanukia zile nyasi tamu Lovina alizokuwa akisukia vikapu, na mdogo wake, Ida, akaanza kuchekacheka na kile kiti kitupu, kisha akakataa kula, kisha akashikwa na kikohozi kile kile cha dada yake, mkono kaunyoosha mbele kama mtu anayevutwa taratibu.

Kezia, dada mkubwa wa Hulda, alinusa tu mlangoni.

"We Hulda, umemficha wapi?"

"Ananishonea, dada. Hajaniacha."

"Anataka kwenda, umemfungia! Akichoka ataondoka na huyu Ida."

Hulda akakitoa kimto kifuani, akamnyooshea.

"Usinipe mimi! Siku ya kumi imepita, hapa hakuna wa kukipokea tena. Kipeleke kule kwenye maporomoko ya maji wanakokuja watalii, mpe mgeni yeyote. Bure, umenisikia? Cha marehemu ukikiuza, mwenyewe haendi."

Hulda akabeba kikapu chake cha biashara, akilia njia nzima. Bibi mmoja wa Kizungu akakipenda kile kimto.

"Bei gani?"

"Bure. Chukua."

"Bure? Kazi yote hii, maskini wee!"

Hulda akageuka asimwone ndege akienda.

Nyumbani alimkuta Ida amekaa, anakula, mdomo umejaa. Akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kisha akafunua kikapu. Chini kabisa palikuwa na sarafu ya fedha. Yule bibi alimwonea huruma.

Alikimbia nayo mpaka maporomokoni, miguu peku. Gari la farasi la yule bibi lilikuwa limeshaondoka.

Aliporudi, nyasi tamu zilikuwa zikinukia tangu uani. Ida ameweka kijiko chini, anakitazama kiti.

Tii.

"Mama," kiti kikauliza polepole, "umeniuza?"